Geti, mnyororo na shati la njano

*"Daktari, nina miaka 55, ni fundi umeme hapa Kampala. Nilikulia kambi ya askari, ndiyo maana Kiswahili ndicho kinachonitoka kwanza. Mwaka 1983 au 1984 nilikwenda mpirani na kaka yangu. Mimi nilikuwa na miaka 12 au 13, yeye 17. Refa alikataa bao, chupa zikaanza kuruka, mara mawe, mara mabomu ya machozi. Nakumbuka geti la chuma limefungwa kwa mnyororo, tumebanwa mpaka miguu yangu haigusi chini. Mwanamume mwenye shati la njano akaninyanyua, nikapitishwa juu ya vichwa vya watu mpaka nje. Kaka anasema mnyororo haukuwepo, geti lilikuwa wazi, na aliyeninyanyua ni yeye. Mengine anasema nimeyatunga. Baba yetu alikuwa askari. Jioni ile alirudi nyumbani nguo zake zinanuka moshi uleule. Hakusema kitu, nasi hatukumwuliza. Sasa ni marehemu.*

*Agosti 2025 mwanangu alininunulia tiketi ya mashindano ya mpira ya CHAN pale uwanja wa Namboole. Tulipofika foleni ya ukaguzi mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, moyo ukaenda mbio, nikageuka nikapanda boda kurudi nyumbani. Hospitali walinipima moyo, presha na sukari, hawakuona kitu. Sasa mwanangu anaisubiri AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027. Je, nimeyatunga? Mbona yananijia baada ya miaka 40? Nijikaze niende?"*

Kaka yangu, mimi si daktari wa kuandika dawa, ni mwanasaikolojia, ila jina hilo nimelizoea. Tuanze na moyo. Umefanya vyema kupima, maana kwa umri wetu haifai kusema "ni mawazo tu" kabla hujaangaliwa. Lakini vipimo vile vilikuwa vya siku ile. Ukipanda ngazi na mkoba wako wa vifaa ukasikia kifua kinabana, au maumivu yanashuka mkononi au yanapanda kwenye taya, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiniandikie mimi. Hilo likishaeleweka, mengine uliyoyaeleza nayafahamu, na yana maelezo.

Neno "umetunga" ndilo lililokuuma zaidi, naona. Mtu anayetunga anajua kwamba anatunga. Wewe unasema ulichokiona kichwani mwako, na kaka yako vilevile. Inawezekana kabisa nyote wawili mnasema kweli na bado mmoja wenu, au nyote, mmekosea.

Wewe ni fundi, kwa hiyo utanielewa nikisema hivi. Umewahi kufungua ukuta wa nyumba ya zamani iliyopitia mikononi mwa mafundi kumi? Taa inawaka vizuri, lakini ndani waya wa kwanza umeungwa na wa pili, rangi hazilingani, pengine fundi wa tatu alitumia kipande alichokuwa nacho mfukoni. Kumbukumbu ya miaka 40 ndivyo ilivyo. Kila ukiikumbuka unaifungua, na unapoifunga unaacha kitu kidogo cha siku hiyo uliyoikumbuka: neno alilosema kaka yako, picha uliyoona kwenye televisheni, mnyororo wa geti jingine. Taa bado inawaka, na mwenye nyumba hawezi kujua ni waya upi wa asili.

Hili limepimwa. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986 (sisi huku tulikuwa na yetu, Museveni aliapishwa kesho yake), wanafunzi wa chuo kimoja cha Atlanta, Marekani, waliambiwa waandike kesho yake asubuhi: ulikuwa wapi, na nani, nani alikuambia. Baada ya miaka miwili na nusu hivi wakaulizwa tena. Wengi walitoa maelezo mengine kabisa, na kwa uhakika wa mtu anayeapa. Hata walipoonyeshwa karatasi zao, kwa mwandiko wao wenyewe, ile kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Hiyo ni miaka miwili na nusu. Wewe na kaka yako mna 40.

Mpirani kuna tatizo la ziada, na hili kila shabiki analijua ila hakubali kwamba linamhusu yeye. Mwaka 1951 vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza ule mpira wao wa kubeba mkononi, mechi mbaya, mmoja akavunjwa pua na mwingine mguu. Watafiti waliwaonyesha wanafunzi wa pande zote filamu ileile na kuwataka wahesabu makosa. Wa Princeton waliona Dartmouth wamefanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wa Dartmouth wenyewe. Hapa kwetu huhitaji filamu. Waketishe wazee wa timu ya Express na wazee wa Villa, mahasimu wao, uwaulize juu ya mechi yoyote ya uwanja wa Nakivubo ya miaka ile. Utadhani kila upande ulikuja na refa wake.

Lakini usiende mbali ukasema basi kumbukumbu za mashabiki ni porojo. Uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio, na idadi ya waliokufa hatimaye ikafika 97. Polisi walisema mashabiki ndio waliolazimisha geti. Walionusurika walisema sivyo, na kwa miaka mingi waliitwa walevi na waongo. Geti lilikuwa limefunguliwa kwa amri ya mkuu wa polisi mwenyewe, na ilichukua mpaka 2016 kwa baraza la mahakama kutamka kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria. Miaka 27. Kilichowaokoa ni wingi wao: picha, nyaraka, mamia ya watu waliosema jambo moja bila kuketi pamoja. Ninyi mko wawili, na wa tatu amefariki.

Kwa hiyo nikikuambia kwamba mnyororo ulikuwepo, nitakuwa nakudanganya. Nikikuambia haukuwepo, vilevile. Ninachoweza kusema ni jinsi akili inavyofanya kazi hatarini: macho hushika kitu kimoja viwili kwa ukali wa ajabu, na kinachozunguka hupotea. Ndiyo maana una rangi ya shati na huna sura ya mtu. Huna hata mwaka. Kutokuwa na mwaka si dalili ya uongo, mtoto wa miaka 12 hahesabu miaka kwa tarehe.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo sina sababu ya kulitilia shaka, nalo ni miguu kutogusa chini. Watu wakifika watano au sita katika kila mita moja ya mraba, umati huanza kwenda kama maji. Huamui tena uelekee wapi, unabebwa. Walionusurika kwenye misongamano ya namna hiyo, nchi baada ya nchi, husema maneno yako hayohayo. Na hapa kuna jambo ambalo magazeti hulipotosha kila mara. Huandika "walikanyagana", kana kwamba watu walipatwa na wazimu wakakimbia juu ya wenzao. Wengi hufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa hakiwezi kupanuka. Accra, Ghana, tarehe 9 Mei 2001, timu za Hearts of Oak na Kotoko zikicheza: mashabiki walianza kurusha viti, polisi wakarusha mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango, mingine imefungwa. Zaidi ya watu 120 walikufa. Vurugu ilianza kwa viti, lakini viti havikuua watu wote hao. Waliuawa na moshi pamoja na mlango.

Nayasema haya kwa sababu nadhani umeishi miaka 40 ukiamini kwamba umati wa watu ni mnyama. Tazama tena ulichoandika. Katika umati uleule, mikono ya watu usiowajua ilimpitisha mtoto juu ya vichwa mpaka nje, nao wenyewe wamebaki ndani. Hillsborough mashabiki waling'oa mbao za matangazo wakazifanya machela. Sehemu hiyo ya kumbukumbu yako nayo ni kumbukumbu, ila naona huitumii.

Sasa, mbona leo? Swali hili huulizwa na karibu kila mtu wa umri wako anayekuja kwangu, na jibu langu la kwanza huwa swali. Mara ya mwisho uliingia soko la Owino lini siku ya Jumamosi? Ukipanda teksi, unakaa nyuma kabisa au unangoja inayofuata ili upate kiti cha karibu na mlango? Kanisani au msikitini unakaa wapi? Nahisi nikikaa nawe saa moja tutakuta mambo kumi ambayo umeyapanga maishani bila kujua, yote ya kukuweka karibu na mlango. Hayakuja sasa, ila mpangilio wako ulifanya kazi vizuri mpaka mwanao, kwa upendo, alipokununulia tiketi iliyokupeleka palepale.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, walisema wa zamani, na pale Namboole unyasi ulikuwa mwingi: foleni inayosongamana kuelekea uwazi mwembamba, vyuma, watu wenye sare, kelele. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo, inaitwa amigdala, ambayo kazi yake ni kama ile swichi ya usalama kwenye boksi la umeme. Haisomi kalenda. Inaona dalili, inakata. Moyo unakimbia, damu inaenda kwenye misuli, mikono inatetemeka kwa sababu mwili umejiandaa kupigana au kukimbia na hakuna cha kupiga. Haya hutokea kabla wewe hujafikiri neno lolote. Kwa hiyo usijione mwoga.

Kilichofuata ndicho muhimu zaidi, nacho wengi hawakijui. Ulipopanda boda ulisikia nafuu, sivyo? Upepo usoni, pumzi ikashuka. Nafuu ile ndiyo iliyoufundisha mwili wako kwamba Namboole kweli palikuwa na hatari na umeponea kwa kukimbia. Wimbi la hofu kwa kawaida hupanda, hufika kileleni, na kama hakuna hatari ya kweli hushuka lenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa hivi. Wewe uliondoka likiwa bado linapanda. Hujawahi kuliona likishuka.

Nitaongeza jambo moja la hapa kwetu, maana vitabu nilivyosomea havina. Wewe ulikuwa mtoto wa Kampala ya 1983 na 84. Miaka hiyo watu walijua maana ya "panda gari", misako ya askari waliowapakia watu kwenye malori, na haikuwa safari. Mpira wenyewe haukuwa mbali na siasa. Express ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1977, enzi za Amin. Hofu ya mtoto wa wakati ule haikuanzia uwanjani wala haikuishia uwanjani. Huenda mnyororo unaoukumbuka ni wa geti lile. Huenda ni wa mahali pengine, siku nyingine, ukaja ukaungana na hili. Ukianza kusimulia kwa utaratibu unaweza kukuta siku ile ya mpira imebeba mizigo ya siku nyingine ambazo hukuzipa jina.

Nimefika kwa baba yako. Umeandika sentensi chache tu juu yake na hukuuliza swali lolote. Nimezisoma mara nyingi kuliko barua nzima. Mtoto amebanwa getini na moshi, na jioni anausikia moshi huohuo kwenye nguo za mtu anayempenda, anayemlisha, anayemwogopa kidogo. Harufu ina njia fupi sana ya kufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshika hisia, ndiyo maana unaweza kuwa umesahau nani alifunga na bado ukaikumbuka harufu ya nguo za mzee. Sijui alifanya nini siku ile, na wewe hujui. Moshi ule hushika nguo za yeyote aliyekuwa karibu: aliyerusha, aliyesimama lango la pili, hata aliyekuwa akizunguka kutafuta wanawe. Naona umebeba swali hili kwa kuligeuza kuwa swali la geti. Geti linabishaniwa na kaka mezani. La baba halina pa kubishaniwa.

Na kaka yako? Alikuwa na miaka 17, amekabidhiwa mdogo wake, na mdogo akamponyoka kwenye moshi. Kama geti lilikuwa wazi na yeye ndiye aliyekunyanyua, basi hakukupoteza. Sisemi anadanganya. Nasema naye ana sababu ya kuhitaji siku ile iwe hivyo, kama wewe unavyohitaji mtu asiyejulikana mwenye shati la njano. Msiketi kama mahakama. Badala ya "ulikuwepo mnyororo au haukuwepo", muulize: wewe uliogopa saa ngapi? Nadhani hajawahi kuulizwa.

Sasa njia zilizopo. Ya kwanza ni kutokwenda. Hakuna sheria inayomlazimisha Mganda aingie uwanjani, mpira unaonekana kwenye televisheni na nyumbani chai ni bure. Kama hofu hii iko uwanjani tu na haikuumizi kwingine, kukaa nyumbani ni uamuzi wa heshima. Ila uwe uamuzi wako, na umweleze mwanao sababu. Kijana anayedhani baba ana ugonjwa wa moyo anaofichwa huteseka sana.

Ya pili ni hiyo uliyoitaja, kujikaza. Siipendi. Kuingia moja kwa moja kwenye mechi ya AFCON uwanja umejaa, meno umeuma, ni kama kupima waya kwa kidole. Ukishindwa katikati utakuwa umejifundisha hofu mara ya pili.

Kinachofaa ni kupanda ngazi kidogokidogo. Nenda Namboole siku isiyo na mechi, wewe na mwanao, msimame nje ya geti lilelile. Mikono ikitetemeka, iache itetemeke, simama, tazama vitu, mweleze mwanao unachokiona, mpaka wimbi lishuke. Ndipo muondoke. Rudieni mpaka ichoshe. Kuchoka ndiyo dalili nzuri. Halafu mechi ndogo ya ligi yenye watu wachache, mfike mapema kabla ya foleni, mjue milango ya kutokea, mkae pembeni. Kuchagua kiti karibu na njia ni busara ambayo hata mimi ninayo. Tofauti ni kwamba mwenye busara akishaketi anatazama mpira, na mwenye hofu anatazama mlango dakika 90. Hatua hizi unaweza kuzianza mwenyewe kama unalala vizuri na kazi inaendelea. Kama sivyo, usianze peke yako.

Njia nyingine ni kusimulia kwa mtaalamu, maisha yako kwa mpangilio tangu kuzaliwa, mkifika siku ile mkae hapo: ulisikia nini, ulinusa nini, mwili ulifanya nini, mpaka siku ile ipate mwanzo na mwisho wake. Hili si la Wazungu wa mbali. Limepimwa hapahapa, kambi ya wakimbizi ya Imvepi upande wa Arua, kwa wakimbizi 43 kutoka Sudan, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Waliosimulia kwa vikao vinne tu, mwaka mmoja baadaye chini ya theluthi moja ndio waliobaki na ugonjwa wa kiwewe. Katika makundi mengine mawili ya kulinganisha, lililopewa ushauri wa kawaida na lililopewa elimu tu, walibaki karibu wanne kati ya watano. Baadaye kambi ya Nakivale wakafundishwa wakimbizi wenyewe kuifanya kazi hiyo, na ikafanya kazi. Ila nikuonye: mwanzoni baadhi ya watu huweza kuota zaidi, si chini. Hujaharibikiwa.

Dawa? Zipo za msongo na kiwewe ambazo daktari anaweza kuandika, na huwasaidia baadhi ya watu. Lakini vidonge vya kutuliza, jamii ya Valium, vinavyouzwa kirahisi dukani, sivyo. Vinazima kengele usiku mmoja na kuuacha mwili bila kujifunza chochote, na kuviacha baadaye ni kazi. Waragi, ile pombe kali, kabla ya mechi ni hesabu ileile, tena kwa bei ya ini.

Usingoje 2027 kama unaamka usiku kwa jinamizi zaidi ya mara moja kwa wiki, kama umeanza kunywa ili ulale, kama hasira inawafikia watu wa nyumbani, kama unakwepa kazi kwenye majengo yenye watu wengi, au kama umewahi kufikiri ni heri usiwepo. Hilo la mwisho ni la leo hii, na usiende peke yako, nenda na mtu. Butabika, hospitali yetu ya afya ya akili, si ya "vichaa" kama tulivyotishwa utotoni. Wana wagonjwa wa nje wanaokuja asubuhi na kurudi kazini. Hospitali za rufaa za mikoani nazo zina vitengo vya afya ya akili. Ukifika sema wazi kwamba unatafuta mtu wa kukusikiliza kuhusu kiwewe cha zamani, usiseme "presha", maana utapimwa presha na kurudishwa nyumbani mara ya pili.

Na kaka yako, mkishaongea ya kuogopa, muulize siku ile alivaa shati la rangi gani. Muulize tu. Akijibu, usimbishie.